Pipa la Bluu Nyumbani kwa Mkwe

Vijana wangu wa stoo, mmeniomba niwaandikie kanuni za usalama kabla sijazisahau. Kwanza, sijasahau kitu. Nimestaafu, sijafa. Pili, kanuni zimebandikwa ukutani, mkono wa kulia ukiingia, karatasi nne zenye picha kabisa, na nyie mmepigilia misumari katikati yake mnatundikia makoti. Siku niliyokuja kuaga niliangalia vizuri: palipoandikwa "Vaa barakoa" pamefunikwa na sweta. Sasa mnataka niandike karatasi ya tano mtundikie nini, kofia?

Basi sitaandika kanuni. Nitaandika jinsi zilivyoniingia mimi, maana mimi nami sikuzaliwa nazo, na mojawapo nusura inirudishe kwetu na sanduku langu kichwani.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa Majengo, Mkonongo kwa kabila, nimemaliza shule juzi, najua kuandika vizuri na kujibu vibaya. Chama cha ushirika kilikuwa kinatafuta mtu wa kushika daftari la stoo ya madawa ya mashamba. Nilidhani ni ofisi. Nilivaa viatu vya kanisani na gauni la maua, nikafunga maandazi manne kwenye gazeti, nikaenda. Nilipofika nikayaweka maandazi juu ya boksi, nikauliza kiti kiko wapi.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Barnaba, mtunza stoo. Watu wake walitoka Burundi zamani, yeye amekulia Katumba, mtu mpole, mwimba kwaya, na kazini alivaa glovu za mpira hadi kwenye viwiko. Hakuniambia karibu. Aliyatazama maandazi yangu, akayachukua kwa ncha za vidole, akatoka nayo nje, akachimba shimo, akayafukia. Mimi nimesimama mlangoni natazama. Nilidhani ni mambo ya dini yake.

"Mzee, hayo ni maandazi," nikamwambia.

"Yalikuwa maandazi," akasema. "Hilo boksi ulilowekea, jana kuna chupa ilivuja ndani yake. Ungekula, leo tungekuwa tunakufukia wewe. Nenda ukanawe."

Nilikaa na njaa hadi jioni na hasira hadi Alhamisi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ukutani, ile yenye picha ya sahani iliyopigwa mstari. Kila mkiiona muone maandazi yangu.

Nyie mnaita madawa. Mzee Barnaba alikataa neno hilo. "Dawa ni kitu unampa mgonjwa apone," alikuwa anasema. "Hivi vitu vinaua. Vinaanza na mdudu kwa sababu mdudu ni mdogo. Wewe ni mkubwa, vinakungoja." Kwenye daftari nikawa naandika sumu ya tumbaku, sumu ya pamba, sumu ya mahindi, mpaka siku moja meneja akaja na wageni, akasoma, akaniomba kwa adabu nirudishe neno dawa, wakulima wanaogopa. Mzee Barnaba akasema ndiyo vizuri, waogope.

Yeye mwenyewe pua yake ilikuwa imekufa. Ujanani, kabla hajafundishwa na mtu, alikuwa akitaka kujua chupa ina nini anafungua anainusa, kama mtu anayechagua samaki sokoni. Miaka michache tu, pua ikafunga duka. Hakusikia moshi wala marashi. "Mke wangu akiunguza maharage mimi nakula nashukuru," aliniambia. "Ndoa yetu imefika hapa kwa sababu hiyo." Halafu akaacha kucheka. "Lakini usinuse, binti yangu. Pua si kipimo. Kuna vitu vinanuka na havidhuru, na kuna vitu havinuki kabisa vinakulaza chini. Soma karatasi ya chombo. Kama chombo hakina karatasi, usikiguse, hata uambiwe ni maji ya baraka."

Alinifundisha mengi, na yote kwa njia hiyo ya kuniudhi. Vyenye maji chini, vya unga juu, ili chupa ikivuja isilowanishe unga. Vidonge vya kufukizia mahindi vikae peke yao, pakavu, kwa sababu vikiguswa na maji vinatoa hewa ya kuua mtu. Kwa hiyo paa likivuja, kimbia kwanza, rekebisha baadaye. Sumu ikimwagika usichukue ndoo ya maji ukasafisha kama uko jikoni kwa mama yako. Mwaga mchanga, uache unywe, uzoe. Na kamwe usimpimie mtu sumu kwenye chupa ya soda. Kila msimu walikuja. "Dada, nipimie kidogo tu, shamba langu dogo." Ana chupa ya Fanta mfukoni, anatabasamu. Nikimkataa ananiambia nina roho mbaya. Kaka yangu, hiyo chupa utaiweka wapi? Kwenye dirisha. Na mtoto wako akitoka kucheza, na kiu yake, ataiona wapi? Kwenye dirisha. Wengi walielewa. Mmoja alitoa chupa ya bia, akasema hii watoto hawanywi. Nikamwuliza, na wewe?

Mavazi ya kinga nayo yana kisa. Aliwahi kuja mtaalamu kutoka mbali kutufundisha kuyavaa, mwezi wa kumi, saa saba mchana, na nyie mnaujua mwezi wa kumi wa Mpanda. Alivaa vyote mbele yetu, uwanjani: suruali, koti, aproni, glovu, buti, miwani, barakoa yenye vichujio viwili. Akaanza hotuba. Hatukusikia neno hata moja, ni mvumo tu, lakini alikuwa anarusha mikono vizuri, tukawa tunaitikia kwa vichwa. Ghafla mikono ikashuka, mtu mzima akakaa chini, akalala. Wenzangu wakapiga makofi, wakidhani ni maigizo ya mtu aliyevuta sumu. Mzee Barnaba ndiye aliyemkimbilia, akamvua barakoa, akamweka kivulini. Mtaalamu alipozinduka, Mzee akatugeukia akasema, "Mmeona? Kupulizia ni asubuhi."

Sasa nifike kwenye nondo, maana bila nondo hamtaelewa yaliyofuata.

Chombo cha kazi nilichokipenda kuliko vyote ni ile nondo iliyochongwa ncha na fundi wa Majengo, ile iliyotundikwa nyuma ya mlango. Kila Ijumaa mchana tulitoa nje vyombo vitupu vya wiki nzima, tukavisuuza mara tatu, kisha tukavitoboa, chini na ubavuni, visifae tena kwa kitu chochote. Chombo kilichobeba sumu ni sumu. Kanuni fupi kuliko zote, na ndiyo iliyonigombanisha na mkoa mzima. Huku kwetu dumu zuri halitupwi. Dumu zuri ni maji ya wiki, ni asali ya kupeleka sokoni, ni mahali pa kuficha unga usiliwe na panya. Na mimi kila Ijumaa nasimama uani na nondo natoboa, pa! pa! pa! Akina mama wa Majengo walikuwa wanasimama nje ya uzio wanashika vichwa kama wanaangalia mtu anachinja ng'ombe mwenye mimba. Waliniita Mama Mtoboaji. Mchungaji mmoja alikuja na barua yenye muhuri kuomba pipa la kubatizia. Nikamwambia, Mchungaji, hao watu watabatizwa na kufika mbinguni siku hiyo hiyo. Hakurudi.

Mzee Barnaba alipostaafu aliniachia funguo, daftari na nondo. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Usimwonee mtu haya." Nikamjibu mimi haya sina, wote wanajua. Nilikuwa sijakutana na baba mkwe.

Niliolewa na Masanja, Msukuma, ambaye baba yake alihama na ng'ombe kutoka kaskazini akaja kuweka boma chini ya milima ya Mwese, pale barabara inapokwisha na pikipiki zinapoanza kulia. Jina la mzee sitaliandika. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe, na mimi hata kwenye karatasi siwezi, kalamu inagoma. Na si jina tu. Hupeani naye mkono. Hukai alipokaa. Mkikutana njiani unapisha, unapiga magoti, unasalimia ukiangalia chini. Akitaka kukuambia kitu anamwambia mwanawe, mwanawe anakuambia wewe, hata kama mko wote watatu kwenye ua mmoja. Kwa miaka mingi nilimjua mzee yule kwa miguu. Ningewekewa miguu mia moja nyuma ya pazia ningeichagua yake.

Mzee huyo alikuja siku moja mjini kumtembelea mwanawe, akapita stoo, akaona pipa la bluu limesimama uani. Pipa kubwa, la plastiki nene, lililokuja na sumu ya kupulizia tumbaku. Akalizunguka mara mbili. Akaligonga kwa fimbo. Akaondoka bila neno. Jioni ile Masanja akaja jikoni.

"Baba anakusalimia."

"Nashukuru. Salamu tu?"

"Na anauliza kama lile pipa lina mwenyewe."

"Mwambie baba namheshimu sana, na pipa limetoboka."

Masanja akakuna kichwa. "Limetoboka lini?"

"Litatoboka Ijumaa."

Alituma salamu mara tatu katika miaka miwili. Mara ya pili alisema ni la maji ya ndama. Mara ya tatu alisema mkamwana wa watu hodari humletea mkwe hata kijiko, wa kwake anamletea kanuni. Ilinichoma, nisiwafiche. Nililia. Nilikuwa na watoto wangu mapacha, Kulwa na Doto, wanakwenda likizo kwa babu yao na kurudi wanene, na mimi nimemnyima babu pipa. Lakini Ijumaa ikifika nilichukua nondo.

Ndipo nikapelekwa semina Tabora, wiki nzima. Semina ya nini? Ya usalama wa kemikali. Haya, chekeni. Ijumaa niliyosafiri hakukuwa na wa kutoboa, na uani kulikuwa na pipa moja la bluu lililokuwa linangoja hata kusuuzwa. Na Jumamosi ya wiki iliyofuata shemeji yangu, mdogo wake Masanja, alikuwa anaoa.

Yaliyotokea stoo niliyajua baadaye, ila nawaambia sasa ili msihangaike. Mlinzi wetu, Fidelis, mtu mwaminifu kuliko kufuli, alimwona baba mkwe amekuja na mkokoteni wa ng'ombe. Akampa pipa. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwa upole, "Mama, nilikuwa naona unavyoteseka. Mkwe anaomba, kazi inakuzuia. Nikasema nikusaidie, nimpe wakati hupo, ili usilaumiwe na mtu." Nimkasirikie vipi? Alikuwa ameniibia sumu kwa kunipenda.

Nilishuka kwenye treni Mpanda asubuhi ya Jumamosi, sikupita hata nyumbani. Nikabadilisha gauni chooni stesheni, nikapanda bodaboda moja kwa moja bomani. Nilifika harusi imechangamka. Turubai limefungwa, spika mbili kubwa kama makabati zinapiga bongo flava, bibi harusi na watu wao wamekaa upande mmoja, sisi upande mwingine. Katikati, kwenye heshima, limesimama pipa la bluu, limekatwa juu kwa msumeno, limejaa pombe ya mtama.

Karatasi yake walikuwa wameikwangua. Haikutoka yote. Lile fuvu lenye mifupa lilikuwa limebaki meno tu, yanacheka, na chini yake utepe mwekundu. 

Kwa Wasukuma hawa niliowakuta mimi, na kwetu pia, mwenye pombe haaliki watu kunywa tu. Anasimama mbele ya wageni, anachota yeye, anaonja yeye kwanza, ili kila mtu aone haina kitu. Wanaita kutoa sumu. Na pale nilipoingia, baba mkwe alikuwa amesimama kando ya pipa, amevaa shati jeupe jipya, kibuyu kimejaa mkononi, anatoa sumu.

"Baba, usinywe!" nikapiga kelele. Spika zikaimeza. "Baba! Usinywe!" Masanja alinipungia mkono, anadhani nasalimia.

Kibuyu kikapanda.

Vijana wangu, sikufikiri. Nilikimbia katikati ya turubai, nikapita mbele ya wazee, nikapiga teke ndoo ya pombe iliyokwisha kutekwa kwa ajili ya wakwe wapya, na nikampiga baba mkwe mkono. Pa! Kibuyu kikaruka, pombe ikamwagika kifuani kwake, shati lote. Mtu wa muziki akazima.  Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilikuwa namtazama mkwe wangu usoni. Ana macho madogo.

Na bado nikaongeza. Maana kanuni inasema nguo iliyoloweshwa na sumu ivuliwe hapo hapo, ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi, na mdomo wangu nikausikia mbele ya watu wote unaisema wenyewe:

"Vua shati!"

Mama mmoja wa upande wa bibi harusi akasema, "Yesu wangu."

"Masanja, mvue baba shati! Baba, umemeza? Sukutua, tema! Hapana, msilete maziwa! Nani amesema maziwa? Maji na sabuni!"

Masanja maskini alisimama kati yetu, mikono hewani, mume wa huyu, mwana wa yule. Mwishowe alimvua baba yake shati, amefumba macho, kama anayemvua mtu mwingine. Mzee akasukutua. Hakuwa amemeza, mdomo uligusa tu. Akaoshwa kifua kwa sabuni ya kufulia mbele ya wageni wote, wakamfunika na koti la suti la bwana harusi.  

Aliyesema ni kaka yake mkubwa, Mzee Ngassa, msemaji wa ukoo. Akauliza nina wazimu au nimelewa. Nikaeleza: pipa hili ni la sumu, halikusuuzwa, sumu imo kwenye plastiki, imeingia kwenye pombe. Masanja akamwuliza baba yake kwa sauti ya chini, kisha akanipa majibu yake, maana hata siku hiyo taratibu zilifuatwa.

"Baba anasema alilisugua kwa majivu na mchanga siku tatu, na majani ya mwarobaini. Anasema halinuki."

"Mwambie baba pua si kipimo."

Wazee wakaguna. Ningeshindwa pale pale, ila kuku waliingia. Nilikuwa nimemwaga ndoo nzima ya pombe chini, na kuku wa bomani hawajui harusi wala msiba, wakaja mbio kugombea mtama. Nikawafukuza kwa khanga. Hakuna aliyenisaidia, watu walikuwa wanaona mwanamke aliyempiga mkwe sasa anapigana na kuku. Majogoo wawili na matetea watano wakashiba mbele yangu.

Muda si mrefu wakaanza kuyumba. Tetea mmoja akatembea kwa kurudi nyuma. Jogoo mwekundu akakaa kwa makalio kama mtu. Watu wakaangua kicheko.

"Wamelewa!" akasema Mzee Ngassa. "Pombe ya mtama hiyo, imekomaa."

"Babu, angalia mate yanavyowatoka," nikasema. "Mlevi hatoki mate namna hiyo."

"Wewe hujamwona shemeji yako akilewa."

Basi likawekwa shauri. Mzee Ngassa akasimama akatamka mbele ya koo mbili: pombe isiguswe, na tusubiri. Kama kuku wamelewa, watalala kidogo wataamka. Wakiamka, mkamwana huyu amemwaibisha mkwe wake bure, harusi imevurugika bure, na jioni hii anarudi kwao Majengo, watoto wanabaki hapa. Masanja akafungua mdomo, baba yake akamtazama, akaufunga.

Ndiyo, jamani. Ndoa yangu iliwekwa kwa kuku saba.

Tukakaa. Harusi nzima ikageuza viti kuangalia kuku. Mtu akatumwa na pikipiki kufuata soda. Bibi harusi, binti wa watu, akauliza mama yake, "Sasa mimi nimeshaolewa au bado?" Hakuna aliyejua. Mimi nilikaa peke yangu juu ya kinu, naomba kuku wafe, halafu naomba msamaha kwa Mungu, halafu naomba tena. Nilijua ninachokijua. Lakini stoo yangu ilikuwa mbali, hapa sikuwa na karatasi wala kipimo. Na kuna wazo baya lilinijia: je, kama Mzee kweli alilisafisha? Je, kama kweli wamelewa? Niliwaona Kulwa na Doto wamekaa karibu na miguu ya babu yao, wananitazama, na nikaogopa kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Saa tisa hivi jogoo mwekundu akanyanyuka. Watu wote wakasimama naye. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili, akapanua mabawa. Upande wa wanaume wakaanza kushangilia, mmoja akasema, "Si nilisema? Huyo sasa anatafuta supu." Jogoo akanyoosha shingo awike. Akatoa nusu yake, "kok—", akaanguka ubavu, miguu ikatetemeka, ikanyooka.

 Tetea mmoja akafuata, kisha wawili kwa pamoja. Kabla ya saa kumi walikuwa wamekwisha wote saba. Mzee Ngassa akamgusa jogoo kwa fimbo, akainama, akamgeuza, akainuka polepole sana. Akahesabu kwa macho watu waliokaa chini ya turubai, wanawake wenye watoto mgongoni, wakwe wapya, wazee.  Mama wa bibi harusi akaanza kulia.

Na bado, nisiwadanganye, kikongwe mmoja akauliza kama tunaweza kuwachinja haraka tusipoteze nyama. Nikamwambia Bibi, tafadhali.

Tukachimba shimo refu mbali na kisima, mbali na malisho. Nilisimamia mwenyewe, nimevaa mifuko ya nailoni mikononi: kuku ndani, shati jeupe ndani, kibuyu ndani, pombe yote taratibu. Pipa lenyewe nililitoboa kwa sururu. Safari hii hakuna aliyeshika kichwa.

Nilidhani mambo yameisha. Wazee wakaniita. Nikapiga magoti mbele yao, macho chini, nikaona miguu ninayoifahamu.

"Mkamwana umetuokoa," akasema Mzee Ngassa. "Tumeona. Lakini mkono umemgusa mkwe. Shati limevuliwa mbele ya wageni. Mwiko hauulizi kwa nini. Mwiko ni mwiko."

Nyie mtasema wazee wale hawana shukrani. Mimi sikushangaa hata kidogo. Nilikataa watu kila Ijumaa kwa maneno hayo hayo, ningeanzia wapi kulalamika?

"Utatoa kondoo jike asiye na kilema, leo, kabla jua halijazama. Usipotoa, huingii tena boma hili."

Kondoo! Mimi nimetoka Tabora na mkoba wa semina wenye kalamu na kofia. Masanja mifugo yake yote iko kwa baba yake, ni ya baba yake. Jua linashuka. Nikasema, "Wazee, nitampata wapi kondoo saa hizi?"  Machozi yakaanza kunitoka, na sikuyafuta.

Ile miguu ikainuka, ikaondoka. Nikaisikia inaenda zizini. Ikarudi, na pembeni yake miguu minne midogo. Baba mkwe, kifua wazi ndani ya koti la suti la mwanawe, akaiweka kamba chini, hatua moja mbele yangu, maana haturuhusiwi kupeana mkono kwa mkono.

"Toa," akasema. Kwangu mimi. Bila kumpitia Masanja.

Nikaokota kamba, nikamvuta kondoo hatua tatu, nikamkabidhi Mzee Ngassa. Mzee Ngassa akampokea, akatangaza kuwa mwiko umesafishwa, akamkabidhi aliyekosewa, ambaye ni baba mkwe. Baba mkwe akamfungua kamba, kondoo akarudi zizini kwake akiwa hajui kazi aliyoifanya.

Mzee akabaki amesimama mbele yangu. Akakohoa. Aliangalia chini, pale pale nilipokuwa naangalia mimi.

"Mama Kulwa," akasema, "siku nyingine ukiniona na chombo kama kile, usipoteze muda kupiga kelele. Piga mkono moja kwa moja. Kondoo ninao."